Volti 3.1 zinavyofika 737: resonansi katika nyenzo za magnetoelektriki za matabaka

Mwaka 2010 watafiti wa Kiel, Ujerumani, walitoa vipimo vya kibamba chembamba kilichopakwa tando mbili: mmoja wa naitraidi ya alumini, mwingine wa aloi ya chuma, kobalti, silikoni na boroni. Walipokiweka ndani ya uga wa sumaku unaobadilika mara 100 kwa sekunde, kilitoa volti 3.1 kwa kila sentimita ya unene kwa kila oersted 1 ya uga. Masafa yalipofikishwa hezi 753, kibamba kilekile kilitoa volti 737. Tando hazikubadilishwa, wala sumaku haikuongezwa nguvu.

Kwangu mimi, jozi hii ya namba ndiyo mlango mzuri wa kuingilia mada hii, kwa kuwa inatenga mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi mno. Ile 3.1 ni uwezo wa nyenzo zenyewe. Ile 737 ni uwezo huohuo baada ya kuzidishwa na mtetemo wa kibamba. Msomaji anayeichukua namba ya pili kama sifa ya nyenzo atadhani kumegunduliwa kitu kipya cha ajabu, kumbe sehemu kubwa ya ukubwa ule inatokana na umbo, urefu, namna kitu kilivyoshikwa, na hata hewa inayokizunguka.

Tuondoe kwanza utata wa kipimo. Oersted 1 hewani ni sawa na millitesla 0.1, na uga wa sumaku ya Dunia ni kati ya robo oersted na thuluthi mbili hivi. Nayo volti huhesabiwa kwa sentimita ili bamba nene na jembamba ziweze kulinganishwa. Ndiyo maana volti 737 kwa sentimita si mamia ya volti mkononi: utando wenye unene wa mikromita 2, kwa mfano, ungetoa volti 0.15 hivi kwa oersted 1. Bado ni nyingi sana kwa kitu kidogo kiasi hicho.

Mnyororo wenye pingu tatu

Kitu huitwa cha magnetoelektriki pale ambapo uga wa sumaku unakifanya kitoe umeme, au umeme unabadili sumaku yake, bila koili. Mwaka 1959 Igor Dzyaloshinskii alitabiri kwamba fuwele ya oksidi ya kromiamu ingefanya hivyo, na mwaka uliofuata Astrov akaipima athari hiyo. Ilikuwa furaha ya wanafizikia kuliko ya mafundi, kwa sababu athari ni ndogo mno, na fuwele ikipashwa joto la nyuzi 34 hivi za Selsiasi inatoweka kabisa.

Njia ya kukikwepa kikwazo hicho iliandikwa na van Suchtelen wa maabara za Philips nchini Uholanzi mwaka 1972. Badala ya kutafuta nyenzo moja inayojua kazi zote mbili, unganisha nyenzo mbili, kila moja ifanye nusu yake. Nusu ya kwanza ilijulikana tangu James Joule alipoonyesha mwaka 1842 kwamba chuma hubadili urefu kikitiwa sumaku. Hiyo ndiyo magnetostriksheni. Nusu ya pili ni ya ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waliogundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele hutoa chaji zikibanwa. Hiyo ndiyo piezoelektriki. Bandika tabaka la aina ya kwanza juu ya tabaka la aina ya pili, na mnyororo umekamilika: sumaku inalinyoosha tabaka la juu, tabaka hilo linalivuta la chini, na la chini linatoa volti. Katikati ya sumaku na umeme kuna jambo la kimekanika tupu, yaani kunyooka na kurudi. Mambo yote ya resonansi, yaani kutetemeka kuliko kawaida kwenye masafa fulani, yanachipukia hapo katikati.

Mchanganyiko wa kwanza, uliokuzwa pamoja kutoka kwenye kuyeyuka mwaka 1974, ulikuwa wa titaneti ya bariamu na feraiti ya kobalti, ukafikia volti 0.13 kwa sentimita kwa oersted. Matabaka yaliyobandikwa yalikuja kupita hapo kwa mbali. Mwaka 2001 bamba la Terfenol-D, aloi ya terbiamu, disprosiamu na chuma, lililobandikwa na PZT, seramiki ya piezoelektriki, lilifika 4.68. Mwaka 2006 ukanda wa Metglas, aloi ya sumaku isiyo na mpangilio wa fuwele, wenye nyuzi za PZT ulifika 22, nje ya resonansi.

Hapa pana jambo linalomshangaza mtu akilikuta mara ya kwanza. Terfenol-D hurefuka zaidi ya sehemu 1000 kwa milioni. Metglas hurefuka sehemu 27 tu kwa milioni. Kwa nini basi Metglas inashinda? Kwa sababu tabaka la piezo halijali urefu wote unaoweza kupatikana mwishoni. Linachojali ni urefu unaoongezeka kwa kila chembe ya uga inayoongezeka. Terfenol-D inadai mamia ya oersted ili ifike kwenye mnyooko wake mkubwa, ilhali Metglas humaliza safari yake fupi ndani ya oersted chache. Mlima mfupi wenye mwinuko mkali unashinda mlima mrefu wenye mteremko wa pole.

Bamba linapojibu kwa nguvu

Kila kitu kigumu kina masafa ambayo kikisukumwa kwayo hutetemeka kuliko kawaida. Kioo cha dirisha la gari hutulia injini ikienda polepole, hutulia pia ikienda kasi, lakini kuna mzunguko mmoja katikati unaokifanya kigongegonge. Kila msukumo mdogo unafika wakati mtetemo uliotangulia unaelekea upande huohuo, nishati inajilimbikiza, hadi kile kinachopotea kwa msuguano kwa kila mzunguko kilingane na kile kinachoingia.

Kwa bamba la matabaka linalonyooka na kufupika kwa urefu wake, masafa hayo hupatikana kwa hesabu fupi. Wimbi la sauti linalosafiri ndani ya bamba linapaswa kutosha nusu yake kwenye urefu wa bamba, kwa hiyo masafa ni mwendo wa sauti ukigawanywa kwa urefu mara mbili. Mwendo huo ndani ya bamba la PZT na metali ni mita 3000 hivi kwa sekunde, ukitegemea wastani wa ugumu na uzito wa matabaka yote kulingana na unene wa kila moja. Bamba la milimita 20 litakuwa na resonansi karibu na kilohezi 75. Ukilikata hadi milimita 10, litapanda hadi kilohezi 150. Hakuna sumaku wala umeme katika hesabu hii.

Sura ya mtetemo wenyewe ndani ya bamba inafaa kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo inayoeleza mengi yanayoonekana kama bahati mbaya maabara. Katika resonansi ya kwanza ncha mbili za bamba zinakwenda na kurudi kwa nguvu zaidi, huku katikati pakitulia. Lakini mvutano ni kinyume chake: katikati ndiko nyenzo inakonyooshwa sana, na nchani hainyooshwi kabisa. Kwa hiyo chaji nyingi hutoka katikati, na bamba likishikwa, lishikwe katikati hapohapo, mahali pasipotembea. Mtu akilibana nchani analiua kabla halijaanza.

Resonansi ya pili, ambamo wimbi zima linaenea kwenye urefu, haionekani kabisa katika grafu ya bamba la kawaida. Nusu moja ya bamba inanyooka wakati nusu nyingine inafupika. Chaji chanya za upande huu zinafutwa na chaji hasi za upande ule kwenye elektrodi moja inayozifunika zote. Ya tatu inaonekana, lakini hata kama upotevu wa nishati ungekuwa uleule, kilele chake ni sehemu moja ya tisa tu ya kile cha kwanza. Ukiona kilele cha pili mahali ambapo hakikutarajiwa, kuna ulinganifu uliovunjika: labda gundi imetapakaa upande mmoja, labda uga wa sumaku hauko sawa katika urefu wote, au elektrodi haikufika mwisho. Nadhani hii ni moja ya zawadi kubwa za grafu ya masafa. Inasema juu ya kasoro ambazo jicho haliwezi kuziona.

Matabaka mawili tu, moja juu ya jingine, huleta mtetemo wa aina ya pili. Tabaka la sumaku linaponyooka na la piezo likakataa, bamba zima linapinda. Katika masafa ya chini kupinda huku ni hasara, kwa sababu upande mmoja wa tabaka la piezo unanyooshwa na upande mwingine unabanwa, na volti zinakulana. Ndiyo maana wengi hulifunga tabaka la piezo katikati ya matabaka mawili ya sumaku, ili lisiweze kupinda. Lakini anayetaka resonansi kwenye masafa ya chini hukupenda kupinda huko. Masafa ya kupinda hutegemea unene ukigawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo bamba letu la milimita 20, likiwa na unene wa milimita 1 na ncha zote mbili huru, hupinda karibu na kilohezi 7.7, karibu sehemu moja ya kumi ya masafa ya kunyooka. Lifanye jembamba zaidi au lishike upande mmoja liwe kama ulimi unaoning'inia, na utateremka hadi mamia ya hezi. Kibamba cha Kiel kilikuwa cha aina hiyo.

Bei ya kilele

Uwiano wa 737 kwa 3.1 ni karibu 238. Namba hiyo inakaribiana na kile kinachoitwa kipimo cha ubora, Q: ni nishati kiasi gani bamba linaihifadhi kwa kulinganisha na ile inayoipoteza katika kila mzunguko. Kwa bamba linalonyooka kwa urefu, nadharia inatoa kilele sawa na thamani ya masafa ya chini ikizidishwa kwa Q na kwa 0.81 hivi. Basi mtu mwenye namba mbili kati ya hizo tatu anaweza kuikisia ya tatu, na kujua kama matokeo yanayodaiwa yanaingia akilini.

Lakini Q hiyohiyo inabana upana wa masafa. Gawanya masafa ya resonansi kwa Q na utapata upana wa kilele. Kwenye kilohezi 75, Q ya 100 inaacha hezi 750 za kufanyia kazi. Kwenye hezi 753, Q ya 240 inaacha hezi 3 tu. Kundi hilohilo la Kiel lilionyesha mwaka 2013 kwamba kibamba kikitetemeshwa ndani ya ombwe, mahali pasipo hewa ya kukipunguza kasi, kilele hupanda hadi volti 20,000 hivi kwa sentimita kwa oersted. Ni kazi nzuri inayoonyesha jinsi hewa inavyokula nishati ya kitu chembamba kinachopinda. Bali kadiri kilele kinavyopanda ndivyo kinavyokuwa chembamba, na ishara yoyote inayobadilika haraka kuliko upana huo haipiti. Bamba lenye Q kubwa pia huchelewa kuamka na huchelewa kunyamaza.

Ndiyo maana sipendi kuona kilele kikiandikwa peke yake, bila masafa na bila upana. Ni kama nusu ya sentensi.

Kuna mtego mwingine ndani ya kilele. Bamba lina resonansi mbili zilizokaribiana, kwa sababu tabaka la piezo hubadili ugumu wake kulingana na kilichounganishwa kwenye elektrodi. Elektrodi zikiunganishwa moja kwa moja, chaji zinakimbia na tabaka ni laini kidogo. Hiyo ndiyo resonansi yenyewe, inayotoa mkondo mwingi. Zikiachwa wazi, chaji zinabaki na kupinga kunyooka, tabaka linakuwa gumu, na masafa yanapanda. Hiyo huitwa antiresonansi, na hapo ndipo volti inapokuwa kubwa kuliko zote. Chukua bamba lenye uwezo wa kuunganisha umeme na mtetemo wa 0.2. Pengo kati ya masafa hayo mawili ni asilimia 2, yaani hezi 1500 kwenye kilohezi 75. Kwa Q ya 100, pengo hilo ni upana wa kilele mara mbili. Fundi aliyepima kilele kwa kikuza volti, kisha akaunganisha kikuza chaji bila kurekebisha masafa, atakuta kilele kimehama na atadhani bamba limeharibika.

Sumaku inayogusa masafa

Mpaka hapa masafa yameonekana kama jambo la urefu na ugumu tu. Kwa kweli sumaku nayo ina mkono wake. Nyenzo zenye magnetostriksheni hazina ugumu mmoja wa kudumu. Ukizivuta, sehemu ya mnyooko hutokana na vikoa vya sumaku, yaani visehemu vyenye mwelekeo mmoja wa sumaku, vinavyogeuka ndani yake, juu ya ule wa kawaida wa atomu kuvutana, na uga wa nje huamua ni kwa kiasi gani vikoa hivyo viko huru kugeuka. Katika Terfenol-D ugumu unaweza kubadilika kupita maradufu. Kwa hiyo ukiongeza uga tuli unaoambatana na uga unaobadilika, kilele kinasogea kushoto au kulia kwenye grafu huku kimo chake kikipanda na kushuka. Wapo wanaotumia kusogea huko kwenyewe kupima sumaku: wanalitetemesha bamba kwa umeme, wanafuata masafa yake, na kusoma uga kutokana na mahali kilele kilipo.

Uga tuli una kazi nyingine ya msingi zaidi. Urefu wa chuma haujali sumaku inaelekea kaskazini au kusini. Kwenye uga mdogo hubadilika kulingana na uga uliozidishwa kwa wenyewe. Bila uga tuli, mwinuko wa grafu pale sifurini ni sifuri, na bamba halitoi chochote kwenye masafa ya uga unaobadilika. Linatoa kwenye masafa maradufu. Bamba letu la kilohezi 75, lisipokuwa na sumaku tuli pembeni, litaamka kwa uga wa kilohezi 37.5, na anayetafuta resonansi kwa kutazama ishara tu anaweza kuamini kwamba ameipata mahali pasipokuwa pake. Ongeza uga tuli kidogo kidogo: ishara ya kawaida inapanda, inafika kileleni pale mwinuko ulipo mkali, kisha inashuka kadiri metali inavyoshiba sumaku. Bamba la Metglas hulipata eneo hilo kwa sumaku ndogo sana, na hilo ni faida kubwa kwa kifaa kinachotakiwa kuwa kidogo.

Gundi nayo haikwepeki. Epoksi ina ugumu wa gigapaskali chache, ilhali matabaka inayoyaunganisha yana makumi. Ikiwa nene, inanyumbuka yenyewe badala ya kupitisha mvutano, na kwa kuwa inapoteza nishati kwa joto inashusha Q pia. Ndiyo maana wengine huichoma feraiti, seramiki yenye sumaku, na PZT pamoja tanurini, wengine huipaka nikeli juu ya seramiki kwa umeme, na watu wa tando nyembamba huzipandisha tabaka juu ya tabaka ndani ya ombwe. Kila njia ina kero yake: tanurini matabaka huchanganyikana kemikali na kupasuka yakipoa, na tando nyembamba zinashikiliwa na silikoni iliyo chini yake, isiyopenda kunyooka. Kwenye masafa ya juu huongezeka mikondo ya umeme inayojizungusha ndani ya metali. Terfenol-D nene huilisha sana, ukanda mwembamba wa Metglas kidogo, feraiti karibu hakuna.

Mtetemo ukifanyishwa kazi

Anayetaka kupima uga wa moyo, wa makumi ya pikotesla, anakutana na tatizo kamili: moyo hauzungumzi kwa kilohezi. Ishara yake iko chini ya hezi 100, mahali ambapo bamba halina resonansi na kelele za elektroniki ni nyingi. Suluhisho linalotumika ni kutumia ule uhusiano wa uga kujizidisha kwa wenyewe kama nyenzo ya kazi. Bamba hupewa uga wa pili, wenye masafa yaliyo karibu na resonansi kwa tofauti ya masafa ya moyo. Nyuga hizo mbili, wa moyo na wa pili, zinachanganyika ndani ya metali, na ishara ya moyo inaibuka kwenye resonansi, ikiwa imebebwa juu ya kelele za chini. Gharama ni kwamba kelele za sumaku zinazotokana na vikoa kugeukageuka nazo hubebwa juu pamoja nayo, na ndizo zinazowaumiza vichwa watafiti leo.

Kwa vipandikizi vya mwilini mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa hapo mtu huchagua masafa mwenyewe. Filamu ya Metglas na piezo yenye urefu wa milimita chache hupokea nishati kutoka kwenye koili iliyo nje ya ngozi, kwenye mamia ya kilohezi, masafa ambayo tishu huyapitisha bila kuyanyonya sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha mwaka 2020 kwamba nguvu hiyo inatosha kuchochea neva za panya anayetembea huru.

Antena ndipo hesabu ya resonansi inapovutia kuliko kote. Antena ya kawaida inataka urefu unaolingana na sehemu kubwa ya wimbi la redio, na wimbi hilo husafiri mita milioni 300 kwa sekunde. Mtetemo ndani ya bamba husafiri maelfu machache ya mita. Kwa masafa yaleyale, wimbi la mtetemo ni fupi mara 100,000 hivi. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitengeneza antena za magnetoelektriki za megahezi 60 na gigahezi 2.5 ambazo hazipimwi kwa wimbi la redio. Hupimwa kwa wimbi la sauti lililo ndani ya tando zao, na zikawa ndogo mara kumi hadi mara mia kuliko antena ndogo zilizokuwapo. Upana wa masafa uliobanwa na Q unazifuata hukohuko: antena inayosikia kituo kimoja vizuri sana haisikii cha jirani, na kuipanua kunapunguza kilele kilichoifanya iwe na maana. Wanaozitengeneza sasa wanapanga nyingi kwa pamoja, kila moja ikiwa na masafa yake kidogo pembeni ya mwenzake.